Joho Lililokumbuka Kengele

Hadithi iingie? Haya, fungeni mlango.

Hapo kale palikuwa na nyumba ya watawa mlimani. Kengele ilipolia, mtawa aliachia hata tonge lililo mkononi, akapiga magoti. Tauni ikawamaliza. Zimwi likahamia humo, likavaa joho lao kuukuu, likajiita Baba Mtakatifu. Watu wakaamini, si lina joho?

Mume wa Sefora alipanda kuombewa, hakurudi. Sefora akamfuata, akamkuta mikononi mwa zimwi, amepakwa chumvi.

“Ngoja nje, binti yangu. Namwombea.”

“Kwa chumvi?”

Akarukia kamba ya kengele. Ikalia mara ya kwanza: joho likakumbuka desturi, mikono ikafunguka, mume akaanguka. Ikalia mara ya pili: joho likalipigisha zimwi magoti. Ikalia mara ya tatu: likaliinamisha hadi sakafuni.

“Niachie!” likanguruma.

“Amina,” akajibu Sefora.

Wanakijiji wakaja mbio. Mmoja akachungulia. “Tazameni anavyosali! Mcha Mungu kweli!”

Sefora akamkabidhi kamba. “Basi vuta, mjomba. Ukipumzika tu, linasimama.”

Hadithi naiacha hapo kwenye kamba. Mkisikia kengele kwa mbali, ombeni isinyamaze.