Kuni za Punda wa Sekiete

Kuni za punda hazina joto. Ndivyo alivyosema mama yenu pale mlangoni, akajifunga kanga, akaenda zake msibani, na nyinyi mkabaki mnatazamana. Sasa mmekuja kwangu kuuliza neno hilo limetoka wapi. Vizuri. Sogezeni hivyo vigoda, na wewe mke mwenzangu Nauja zima hiyo redio, maana mimi sishindani na msoma taarifa. Nitawaeleza methali hii ilikoanzia, na naeleza mara moja tu.

Kwanza tuambizane ukweli. Mama yenu amesema vile kwa ajili yako, Mbonea. Baba wa rafiki yako Kiangi amefariki, watu wote wamekwenda, na wewe umempa mtu wa bodaboda kreti za soda apeleke, ukasema yatosha. Sikugombezi. Tangu tulipomzika baba yako hujakanyaga msibani wala harusini, na mimi niliyemzaa huyo baba yako najua kwa nini. Lakini kaa usikilize, mume wangu, acha kuchezea simu.

Zamani huku kwetu milimani kulikuwa na desturi ya gogo. Mtu akiwa na shughuli, iwe harusi au msiba, moto uliwashwa uani, na kila mtu mzima alikuja na gogo moja begani. Hakuna aliyebebewa. Alilitia motoni kwa mkono wake mwenyewe, akasema neno lake, la pole au la hongera, kisha akaketi, na hakuondoka mpaka gogo lake liwe jivu. Kwa hiyo gogo lilisema kabla ya mwenyewe kusema. Ukija na mgunga, kuni ile ngumu isiyokwisha, watu walijua umekuja kukaa. Ukija na kijiti cha mbono kinachowaka kama karatasi, walijua una haraka zako, na walikucheka mpaka unafika kwako.

Basi palikuwa na mtu aitwaye Sekiete. Msinibishie habari zake, kwa sababu binti yake Naelijwa ndiye bibi yangu mzaa mama, na haya niliyapata kinywani mwake. Sekiete alioa akiwa kijana, mkewe akiitwa Nanzia. Nanzia akafariki, Naelijwa hajaacha ziwa bado. Watu walikuja na magogo yao, wakakaa naye, matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake. Ndivyo ilivyo. Msiba uwe mkubwa vipi, siku moja watu hurudi kulima.

Baadaye kukawa na harusi kwa jirani. Sekiete akachukua gogo lake akaenda. Alipokaribia akasikia wanawake wanaimba nyimbo zile zile alizoimbiwa yeye na Nanzia. Akaogopa kwamba atalia mbele za watu na kuitia nuksi harusi ya wenyewe. Akaliweka gogo chini nyuma ya nyumba, akarudi kwake na mtoto mgongoni, wala hakuna aliyemwona.

Toka siku hiyo hakwenda tena. Lakini hakuwa mchoyo, wala hakuwa mtu wa dharau. Alishuka tambarare akanunua punda, na kila palipokuwa na shughuli alimpakia mzigo mzima wa kuni, mgunga mtupu, akampiga kofi la matakoni, na punda akaenda. Alikwisha kuzijua njia zote za kijiji. Watu walishusha mzigo, wakamgeuza, akarudi kwao. Wengine wanaleta gogo moja moja, na huyu analeta mzigo, sasa nani angemlaumu? Mwanzoni walimsifu sana.

Miaka ikaenda, na sifa zikageuka mzaha. Punda akitokea kwenye kona watu husema, "Karibu, Bwana Sekiete, pita uketi." Naelijwa alikuwa msichana mkubwa sasa, anakwenda shughulini peke yake na kigogo chake. Alilisikia neno hilo akacheka pamoja nao, na akirudi nyumbani hakumwambia baba yake. Sekiete mwenyewe alikuwa akiketi mlangoni anasikiliza vigelegele vya ng'ambo ya bonde, anajaribu kukisia ni nani anayeolewa. Alikuwa mpweke, nasema wazi, upweke wa kufikia kuzungumza na punda. Ila alijipa moyo kwamba kijiji kizima kinaota moto wake.

Ikafika siku ya Naelijwa mwenyewe. Alikuwa ameposwa na kijana wa upande wa pili wa mlima, na alasiri ile wakwe wangekuja kumchukua. Desturi ilikuwa kwamba bibi arusi hatoki kwao mpaka magogo ya majirani yawe jivu, ndipo wanawake humsindikiza kwa nyimbo. Naelijwa hakutaka kitu kingine. Hakuwa na mama wa kumwimbia, basi alitaka wanawake wa kijiji waimbe badala ya mama yake. Aliniambia kwamba hilo alikuwa akiliwaza tangu utotoni.

Asubuhi Sekiete akawasha moto, akatandika mikeka, akafagia uani, kisha akafagia tena. Wakasikia kwato. Akatokea punda wa jirani na mzigo wa kuni mgongoni. Nyuma yake punda mwingine, na mwingine. Wakati ule punda walikuwa wameenea, wengi walikuwa wamemwiga yeye. Wachungaji wao wakashusha mizigo kwa adabu, wakasema, "Wenyewe wanawasalimu sana," wakaondoka. Kuni zikawa lundo linalofika kwenye paa la banda. Mtu wa kuketi hakuja hata mmoja.

Wakaketi wao wawili. Ukungu ukashuka, kama huu mnaouona hapo nje.

"Baba," akasema Naelijwa, "nasikia baridi mgongoni."

"Ongeza kuni, mwanangu."

Akaongeza. Moto ukawa mkali hata wakarudisha vigoda nyuma. Nyinyi mmezoea jiko la ndani, hamjui moto wa uani huku kwetu. Unakuunguza magoti na kuuacha mgongo kwenye upepo. Kinachoziba mgongo wako ni mtu aliyeketi nyuma yako.

"Bado una baridi?" Sekiete akauliza. "Nitie tena?"

"Kuni zipo, baba. Watu ndio hawapo."

Sekiete akainuka. Akaenda nyumba ya pili, kwa Nakadori, mwanamke mtu mzima aliyekuwa amemzika mumewe msimu uliopita. Akamkuta anapepeta maharage barazani.

"Dada Nakadori, niliwakosea nini?"

"Hukutukosea kitu, kaka yangu. Keti."

"Binti yangu anaolewa leo, na uani kwangu wamefika punda tu."

Nakadori akaweka ungo chini. "Tulidhani ndivyo upendavyo. Miaka yote hii hukutaka kukaa na watu, tukasema tusikusumbue. Tukuletee kama unavyotuletea."

"Mume wako alipofariki si nilileta kuni? Nilileta mizigo miwili."

"Ulileta. Kuni nzuri, nilizipikia mpaka vuli. Lakini siku ile nilikuwa na neno la kukuuliza, Sekiete. Wote waliokaa hapa walinipa pole, nikashukuru, lakini wote walikuwa na wenzao nyumbani. Ni wewe tu uliyekuwa umezika mwenzio ukiwa na mtoto wa kulea. Nilitaka kukuuliza, mtu anaamkaje kesho yake? Nikatazama njiani nikingoja uje. Akaja punda. Sasa ningemwuliza punda?"

Sekiete aliketi pale barazani, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza akalielewa alilolifanya. Alidhani yeye ndiye asiyefaa kuketi na watu kwa sababu ya huzuni yake, kumbe huzuni ile ile ndiyo aliyokuwa akiihitaji mwenzake.

"Sikuamka," akasema mwisho. "Mtoto alilia anataka uji, nikainuka kumpikia. Kesho yake akalia tena, nikainuka tena. Nikaenda hivyo hivyo, mpaka asubuhi moja nikajikuta nimeamka kabla hajalia. Siwezi kukuambia ilikuwa siku gani."

Nakadori akatikisa kichwa pole pole. "Hilo ndilo nililotaka kusikia. Mimi bado naamshwa na kuku."

"Sikuja kwenye harusi zenu kwa sababu niliogopa nitalia."

"Ungelia tu. Harusi gani hapa haikuliliwa? Mimi nililia kwenye yangu mwenyewe, na yule bwana nilikuwa nampenda."

Wakacheka wote wawili, na machozi yakawatoka humo humo ndani ya kicheko. Kisha Nakadori akazunguka nyuma ya nyumba akarudi na gogo begani.

"Ni mgunga wako," akasema. "Lilibaki hili moja, nikawa nalikalia nikimenya viazi. Twende."

Akafika, akalitia motoni kwa mkono wake, akamwambia Naelijwa hongera, akaketi nyuma yake, karibu kabisa, magoti yake yakimgusa mgongoni. Naelijwa aliniambia kwamba gogo lile lilikuwa moja tu kwenye moto wa magogo yasiyohesabika, na ndilo alilolisikia joto lake.

Msidhani kwamba kijiji kizima kilikuja mbio. Hapana. Hapakuwa na muda wa kuwaita watu, wakwe walikuwa wameshapanda mlima. Gogo la Nakadori lilipokuwa jivu, akaanza kuimba peke yake, sauti imekatika katika kwa uzee. Sekiete akaona haifai, akaitikia. Mwanamume mzima, anaimba nyimbo za wanawake, na alizijua zote, kwa kuwa alikuwa akizisikiliza mlangoni kwake miaka yote. Alilia humo ndani ya wimbo na hakujificha. Bibi arusi akasindikizwa na mjane mmoja na baba yake. Naelijwa alikwenda akigeuka nyuma, akautazama moto ule mkubwa unawaka uani bila mtu, na picha hiyo haikumtoka mpaka anazeeka.

Baada ya hapo punda akabaki wa kubeba mahindi. Palipokuwa na shughuli, Sekiete alionekana anakuja mwenyewe, gogo la mgunga begani, na alikuwa wa mwisho kuondoka. Mtu akifiwa, alimngoja yeye. Hakuwa na maneno mengi. Alisema tu alivyoamka yeye, habari ya uji na mtoto, na watu wakaona nao kesho watajaribu. Na harusini alilia kila mara, wazi wazi, hata ikawa mabibi arusi wanalalamika asipolia, wanasema harusi yao haikunoga. Alijifunza kucheza ngoma akiwa na mvi, akicheza vibaya, na alifurahi. Msiba wake haukumtoka. Ila sasa alikuwa nao mahali penye watu.

Alipofariki, Naelijwa alivuka mlima na wanawe. Njia nzima alikuwa na hofu. Alijiona tena ameketi uani na lundo la kuni. Alipofika akakuta hakuna pa kuweka mguu. Watu wamejaa mpaka nje ya ua, punda mmoja tu, yule mzee, amefungwa kando anakula majani. Na kila mtu, hata wale wavivu wa vijiti vya mbono, alikuwa amekuja na mgunga. Wakamketisha karibu na moto. Nyuma yake akaketi mtu, na nyuma ya huyo mwingine, na nyuma yake mwingine.

Mama mmoja akamwinamia akamwuliza, "Una baridi, mwanangu?"

"Hapana," Naelijwa akajibu. "Mgongo wangu una joto." Na hapo ndipo alipoweza kumlilia baba yake.

Tangu hapo, mtu akipeleka vitu na yeye mwenyewe akabaki kwake, huku kwetu tunamwambia maneno aliyoambiwa Mbonea asubuhi hii.

Sasa wewe, mume wangu. Soda zimepokewa, watakunywa, watakushukuru. Lakini Kiangi leo ana swali, na katika rika lenu lote hapa kijijini, aliyekwisha kumzika baba ni wewe. Wenzako watampa pole. Wewe utamwambia uliamkaje. Kama bado hujui, kaa naye, mtajua pamoja. Ukilia, lia. Bibi yake Kiangi naye amezika mwana kama mimi, na swali lake nalijua, kwa hiyo usidhani nakutuma peke yako.

Nauja, niletee mtandio wangu na ile fimbo. Mbonea, nipe mkono niinuke. Usiite bodaboda, tutatembea, si mbali. Umesimama kweli? Haya, twende. Kuni za punda hazina joto.