Madoa ya Miti ya Kaya

Paukwa!
— Pakawa!
Kaya ya nani?
— Ya wazee!
Kuni zake?
— Haziokotwi!

Haya, sogeeni. Nawe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize. Nikianza sitaki kukatizwa.

Hapo kale palikuwa na kaya, msitu mtakatifu wa wazee, na mlinzi wake Bibi Kadzo. Miti ya mle ilikuwa mikongwe, magome yamejaa madoa: ya kijivu, ya manjano, ya kijani. Matawini zilining'inia ndevu ndefu za kuvu, jamii moja na madoa hayo. Na mila ilikuwa kali: hakikatwi hata kijiti, ila mti mgonjwa hutolewa, usije ukaambukiza mingine.

Fisi akaijua mila ile. Akaja mbio, kajishika kichwa.

"Bibi Kadzo, tumekwisha! Miti ina ukoma! Tazama madoa! Ikate yote, mimi nitakusaidia kuibeba."

"Mulungu wangu! Ukoma kayani, zamu yangu?" Bibi Kadzo, mwepesi wa hofu yule, akatwaa shoka akalinoa.

Juu ya mvule wa kwanza aliishi Konokono. Kwa mwendo wake, shoka lingemfikia kabla hajashuka nusu. Akapiga kelele hukohuko juu.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Sema upesi."

"Upesi sina. Madoa hayo ndiyo chakula changu. Nimeyala mimi, kayala mama, kayala nyanya, na hatujaugua. Twende kwanza tukaone mti usio na madoa, kama ndio mzima."

Fisi akacheka hadi akakaa chini. "Kwa mwendo wako? Tutafika tumeota mvi! Panda mgongoni kwangu, nikaione aibu yako."

Kiburi hicho, jamani! Bibi Kadzo akamshusha Konokono kutoka mtini, naye akapanda.

Mti wa pili. Konokono akaimba:
"Ndevu, ndevu, mpo?"
Bibi Kadzo akajibu, "Zipo, ndefu."
"Twende mbele!"

Mti wa tatu.
"Ndevu, ndevu, mpo?"
"Zipo, fupi."
"Twende mbele!"
Fisi akaanza kuburura miguu. "Turudi, jua kali."

Mti wa nne.
"Ndevu, ndevu, mpo?"
"Hazipo! Wala doa moja. Lakini mbona majani yamepukutika?"

"Ndevu haziwezi moshi, Bibi. Zikifa, moshi u karibu. Nyuma ya kichaka hicho pana nini?"

"Hapana kitu!" Fisi akabweka.

Bibi Kadzo akafyeka kichaka. Lo! Tanuri la mkaa linafuka chini kwa chini, visiki kumi, na mfupa uliogugunwa nusu.

"Ala! Kumbe ukoma ni wewe!"

Akamweka Konokono begani, akageuza shoka, akamcharaza Fisi kwa mpini: moja! mbili! tatu! Fisi akatimka, mgongo umelowa ute wa Konokono, vumbi la mkaa likamganda madoamadoa. Hayajatoka hadi leo. Aliyeicheka miti kwa madoa anayo yeye!

Tanuri likabomolewa. Masika yakaja, ndevu zikarudi, na Konokono akarudishwa mvuleni kwa vigelegele.

Basi wanangu, usichokijua usikiite ugonjwa.

Hadithi yangu nimeibandika gomeni; anayeitaka akailambe. Mimi nililamba siku moja. Chungu! Nikamwachia Konokono.