Baba Aliyesimama Kwenye Kona

Sogeeni mbele, ndugu zangu, nafasi ipo. Na nyinyi akina mama nyuma ya pazia, zimeni hizo simu kidogo, maana kisa cha leo kinaingia mpaka jikoni kwenu.

Palikuwa na baba mmoja. Msiniulize wa mtaa gani, nikiutaja mtaa mtaanza kutazamana. Baba huyu alikuwa na binti wa miaka saba, mtoto wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba kadhaa kuharibika. Sasa mtoto wa namna hiyo unamleaje? Akikohoa, baba hali chakula. Akipanda juu ya kiti, baba yuko chini amekinga mikono. Tangu mtoto alipoanza kusimama dede, mchezo wao ulikuwa mmoja: baba anachuchumaa, anatandaza mikono, anasema, "Njoo kwa baba!" na mtoto anajitupa mpaka kifuani pake. Akiangusha kikombe, akisikia radi, akiota ndoto mbaya, anakimbilia kifua kile kile. Shikeni hilo, tutalirudia.

Ikaja Idi. Binamu zake wakapelekwa kuendesha vile vigari vidogo vya mashindano, vijana wanaviita gokati. Mmeviona? Havina paa, havina mlango, dereva anakaa chini karibu aguse lami, na ngurumo yake utadhani lori linapanda mlima. Binti akarudi nyumbani analia, yeye peke yake ndiye aliyebaki kutazama.

Mama mtu akasema, "Bwana we, mpeleke mtoto. Au utamfungia kabatini mpaka aolewe?"

Baba akakubali, shingo upande. Lakini kabla ya kumpeleka, akaenda kwanza peke yake akauzunguka uwanja wote kwa miguu. Akaona njia ya lami imekaa vizuri, ila mwisho wa ile sehemu iliyonyooka kuna kona kali. Pembeni ya kona yamepangwa matairi makuukuu, na nyuma ya matairi, ukuta wa zege. Akasimama akautazama ule ukuta. Alimwona mwanawe pale, ndugu zangu, alimwona kabisa kwa macho ya hofu, na tangu saa ile hakuona tena kitu kingine katika uwanja ule.

Wiki nzima ikawa kona. Asubuhi anachora kona kwenye uji wa mtoto kwa ncha ya kijiko. "Unaona hapa? Hapa ndipo watu wanapoumia." Jioni anapanga viatu ukumbini kama yale matairi, anamwonyesha ukuta ulipo. Mtoto akamuuliza, "Baba, na breki iko mguu gani?" Akajibu, "Wa kushoto. Lakini sikiliza, ile kona..." Breki ilipata jibu la maneno mawili! Kona ilipata wiki nzima. Na mtoto ambaye mwanzoni alikuwa na hamu tu, sasa akaanza kukojoa kitandani.

Siku ikafika. Mtoto akavalishwa helmeti, akafungwa mikanda. Msimamizi wa uwanja, mama mmoja mwenye kizibao cha rangi kali, akamwambia baba, "Mzee wangu, wazazi wote tunawaweka pale, kwenye mstari wa kumalizia. Ndani hatuingii."

Baba akamuuliza, "Wewe una watoto wangapi?"

"Watano, namshukuru Mungu."

"Basi huwezi kunielewa. Mimi ninaye huyu mmoja."

Wakawa wanabishana, na huku nyuma yao vigari vimeshaondoka. Sasa nisikilizeni hapa. Katika mzunguko wa kwanza, wakati baba amegeuza mgongo anagombana, yule mtoto aliifikia kona. Akapunguza mwendo. Akakata usukani. Kigari kikayumba, tairi likagusa majani, akapita. Alipita salama! Wenzake walimwona, msimamizi alimwona kwa jicho la pembeni. Aliyekuwa na hofu zaidi ya wote, huyo peke yake hakuona.

Basi uzalendo ukamshinda. Akainama chini ya uzio, akakimbia, akakata uwanja katikati, msimamizi anampigia filimbi, yeye hasikii. Akaenda kusimama wapi? Nyinyi mngesimama wapi? Alikwenda kusimama mbele ya matairi, pale pale kwenye kona. Alisema moyoni, akishindwa kukata kona, hapa nitamkinga. Chuma kile, na mikono hii ya nyama!

Mtoto akatokea mwanzo wa ile sehemu iliyonyooka. Kijana mmoja alikuwa amempita kwa kishindo, naye mtoto ameshtuka, ameganda na mguu juu ya mafuta. Akainua macho. Baba anapiga kelele, "Breki! Kata kona! Breki!" Lakini masikio yamo ndani ya helmeti, na injini inanguruma, hasikii hata neno. Anachokiona ni kimoja tu. Anamwona baba yake. Amechuchumaa. Ametandaza mikono.

Kigari kikanyooka.

Baba aliona kinakuja. Aliona usukani haukatwi. Aliyaona macho ya mwanawe ndani ya helmeti, yamekazwa usoni pake, na hayakutazama hata mara moja upande ambao njia inakwenda. Alitaka kuruka pembeni, miguu ikakataa, na lau ingekubali asingeruka, maana aliyekuwa anakuja ni mwanawe.

Kigari kikampiga mguu, kikamtupa, kikaingia ndani ya matairi. Matairi yakaporomoka yote juu ya mtoto. Injini ikazima. Ndugu zangu, uwanja ule ulinyamaza, na hakuna kitu kinachotisha kama mtoto kunyamaza. Baba akatambaa, mguu umevunjika hausikii, anavuta tairi moja moja huku anaita jina la mwanawe na jina la Mola wake kwa pumzi moja. Tairi la mwisho akalivuta yeye na yule mama msimamizi. Wakamkuta mtoto anapumua. Mkono umevunjika, mdomo unatoka damu, lakini anapumua.

Na unajua hofu ikipata ahueni kidogo inageuka nini? Inageuka hasira. Baba akafoka, "Nimekwambia mara ngapi kuhusu kona hii? Wiki nzima nakwambia! Kwa nini hukukata?"

Mtoto akamtazama. Akasema, "Niliogopa, baba. Nikakuona. Nikaja."



Haya, kisa kimeishia hapo. Tumeshamcheka yule baba, sasa tujiangalie sisi. Mtoto yule aliasi? Alipuuza? Alifanya kile kile alichofundishwa tangu dede: ukiogopa, nenda alipo baba. Kosa lilikuwa mahali ambapo baba alikuwa amesimama. Na nani alimsimamisha pale? Hofu yake mwenyewe.

Sisi tunaogopa watoto wetu watakuwa wagomvi, na kila jioni wanatukuta kwenye ugomvi. Tunaogopa watapenda dunia, na hatuna mazungumzo mezani ila dunia. Mama unaogopa binti yako atadharauliwa na wanaume, na anakuona kila siku unavyodharauliwa, unanyamaza. Na sisi walimu wa madrasa, mnisamehe, tumewaonyesha watoto moto kona kwa kona, mpaka wanaujua moto kuliko wanavyomjua Mola wao. Halafu tunashangaa wanapoikimbia njia! Maneno yetu hawayasikii, ndugu zangu. Dunia inawangurumia masikioni. Wanaona tu tuliposimama.

Mstari wa kumalizia tuliuacha wazi. Pale ndipo tulipoambiwa tusimame, wakituona huko wanyooshe usukani waje huko. Tumepaacha, tumekwenda kusimama ukutani, tumetandaza mikono.

Mnaondoka hapa sasa hivi mnakwenda majumbani. Leo hii, kabla jua halijazama, kuna kitu kitamwogopesha mwanao. Atainua uso akutafute. Akikuona, atakuja moja kwa moja, hatapiga breki.

Umesimama wapi?