Tanuri la Pimbi na Walezi Wawili

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bibi Kizenga binti Shemndolwa, mwaka 1951, akimenya mihogo, watoto wa nyumba nzima wamemzunguka. Alianza hivi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na majirani kama sisi, Pimbi alikuwa mfinyanzi. Siku hizo kila mfinyanzi mdogo alichoma chungu chake peke yake uani, kwa vijiti vya kuokoteza. Chungu kikitiwa maji, kinarudi kuwa tope.

Pimbi akamwita Kanga, mtia nakshi, na Kuchakulo, jamaa ya kindi, fundi wa vifuniko.

"Jamani, kuni zetu haba. Tuchome pamoja, tanuri moja."

Wakajenga. Aliyepita kuchungulia akashikishwa udongo. Aliyekuja kuomba kaa la moto akabaki kukanda. Uwanja ukachangamka!

Tembo na Kifaru wakasikia kelele, wakaja. Tii! Tii! Tii!

"Shikamooni, wajomba."

"Marahaba. Sisi tutakuwa walezi wenu," akasema Tembo. "Msitu wa kuni ni wetu. Lakini mlezi lazima aone mtoto anavyokua, au siyo?"

"Ndivyo hasa," akasema Kifaru.

Kuni zikaja kidogo. Walezi wakaja kila saa. Tanuri likishika moto tu, Tembo ananyoosha mkonga, anaondoa vigae vya juu.

"Vimeiva?"

"Bado, mjomba! Funika!"

Upepo wa baridi ukaingia. Paa! Paa! Vyungu vikapasuka. Mara ya pili akafunua Kifaru, kwa pembe. Paa!

"Udongo wenu mbovu," akasema Kifaru, akaenda zake.

Kuchakulo akaanza kufunga mzigo. "Narudi kwetu. Mawingu yale ya mvua mlimani huyaoni? Kesho ndiyo mara ya mwisho kuchoma. Vikipasuka, kila mtu na ua wake."

"Ningoje hiyo kesho," akasema Pimbi. Alijua Kuchakulo akiondoka, Kanga atafuata, na tanuri litaota nyasi.

Alfajiri akaenda kwa Tembo. "Mjomba, sijui nisemeje. Nahofia Kifaru atakutangulia kufunua tanuri leo, aitwe baba wa vyungu."

"Nani? Yule asiyeona hata pua yake? Hapiti!"

"Lakini usimpe kisogo, mjomba. Ukigeuka tu, kapita."

Akakimbia kwa Kifaru na maneno yaleyale.

"Nani? Yule mwenye masikio ya kupepetea mpunga? Hapiti!"

Wakakutana penye mlango wa uwanja, ukingoni mwa msitu wao.

"Rudi!"

"Rudi wewe!"

Gubu! Wakasukumana. Mti mkavu ukaanguka, kwacha! Gubu! Ukaanguka mwingine. Kanga na wenzake wakakusanya kuni mbio mbio.

"Mjomba Kifaru," akaita Pimbi, "sukuma kidogo upande wa kulia, pana mkwaju uliokauka."

"Huu?" Kwacha!

"Huohuo! Ubarikiwe!"

Wakasukumana mchana kutwa, hakuna aliyethubutu kugeuka. Huku uwanjani tanuri likawaka, likatulia, likapoa lenyewe. Pimbi akatoa chungu, akakigonga kwa ukucha. Ngiiing!

Wakubwa wakageuka pamoja.

"Nani kafunua?"

"Wenyewe tumefunua, wajomba. Vimeiva."

Tembo akamtazama Kifaru. Kifaru akaitazama miti yake iliyolala.

"Huyu ametuchezea!"

Pimbi akarudi nyuma ya mtungi mkubwa, akatoa kichwa tu. "Wajomba, leo ndipo mlipotulea. Kuni mmetoa, na mkonga na pembe vimekaa mbali. Chagueni mtungi mmoja mmoja."

Tembo akataka kukasirika. Akaunusa mtungi, akaupuliza ndani, ukalia vuuu. Kicheko kikamponyoka. Kifaru akauliza kama kuna mkubwa zaidi.

Kuchakulo akafungua mzigo wake, akaenda kukanda udongo.

Anayetaka chungu kiive apeleke kuni, kufunua amwachie mfinyanzi.

Katika hao, Tembo na Kifaru wamekwisha kufa. Kanga alichukuliwa na kicheche. Kuchakulo alihamia ng'ambo ya mto, habari zake hazikufika tena. Pimbi yu hai.