Sange, Nyani na Forosadi za Jioni

— Wenzangu, mpo?

— Tupo, tumekaa!

— Nina hadithi.

— Itoe tuione!

— Haionekani, husikika.

— Basi itoe tuisikie!

Palikuwa na Sange. Nasema Sange, wala si panya. Wako watu wanaomwita panya mwenye pua ndefu. Wanalikosea jina lake. Sange hufagia njia zake majanini kila siku, na panya hafagii. Palikuwa pia na Nyani. Huyu ni nyani hasa, mwenye uso kama wa mbwa. Si kima, si tumbili, wala si mbega.

Mwaka ule mvua haikunyesha. Mchwa, chakula cha sange, waliingia chini sana ardhini, na Sange alikuwa na watoto wawili waliokonda mpaka mbavu zikaonekana. Mti mmoja tu ulikuwa na matunda, nao ni mforosadi ulioota chini ya genge la mawe. Forosadi inayokaribia kuiva ni nyekundu, chachu ya kukunja uso. Iliyoiva ni nyeusi, tamu mno.

Nyani akaja, akakaa chini ya mti, pwata!

"Mti huu wangu," akasema. "Wewe Sange utaniokotea. Nyeusi zangu, nyekundu zako."

"Na watoto wangu, bwana?"

"Watakula nyekundu. Meno si wanayo?"

Ikawa hivyo kila siku. Sange huokota, Nyani hugawa.

"Hii nyeusi. Yangu."

"Hii nyeusi. Yangu."

"Hii nyekundu. Yako, bibie."

Kisha husema, "Toa ulimi!" kwa kuwa forosadi nyeusi hutia doa. Ulimi ungeonekana mweusi, Sange angevunjwa shingo. Basi Sange hutoa ulimi, Nyani hukagua, na Sange huenda nyumbani na zile chachu. Watoto huonja, hutema, ptu!

"Mama, chachu!"

"Mama, tumbo!"

Hatimaye yule mdogo akaacha kula kabisa, akalala ubavu.

Jioni moja Sange alikuwa akifagia njia yake. Kando ya njia palikuwa na ua jekundu. Jua lilipozama, akaona ua limekuwa jeusi, na majani yake bado ni ya kijani.

"Mama, ua limekufa?" akauliza mtoto mkubwa.

"Sijui, mwanangu. Mchana lilikuwa zima."

Asubuhi wakalitazama. Jekundu! Jioni, jeusi. Asubuhi, jekundu. Sange akakuna pua. Hakuna aliyelipaka rangi, hakuna aliyeliosha. Mwanga ulipopungua, wekundu ndio uliotangulia kuondoka. Kijani kikabaki nyuma kidogo. Kwa nini, Sange hakujua. Lakini la kufanya alilijua.

Kesho yake akamwendea Nyani.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Okota."

"Naokota. Ila nakuonea huruma. Jua hili, jasho hili, na wewe unahangaika kugawa! Lala kidogo. Tugawane jua likizama, kuna kiubaridi."

"Hapo umesema neno," akajibu Nyani. Akalala, khoroo, khoroo.

Sange akaokota, akanusa, akatenga. Nyekundu, fungu kubwa. Nyeusi, fungu dogo. Hakula hata moja.

Jua likazama. Nyani akaamka, akapikicha macho.

"Haya, hii ni nini?"

"Tazama mwenyewe, bwana. Mgawaji ni wewe."

"Nyeusi. Hii? Nyeusi. Hii? Nyeusi. Lo! Leo zote nyeusi! Na fungu lile dogo?" Akaliinamia. "Nalo jeusi! Yote yangu!"

Sange akainama kwa adabu. "Yote yako, ndiyo sheria. Ila nakuomba uanze na hili dogo."

"Ala! Ili unitorokee na lile kubwa? Unanionaje wewe?"

Akalivamia fungu kubwa. Akajaza mashavu bila kutafuna, fwu! fwu! fwu! mpaka yakawa kama vibuyu viwili. Kisha akanyoosha mkono kwenye fungu dogo.

Hapo Sange akapiga miguu kwenye majani makavu, ti-ti-ti-ti-ti! kama sange wote wafanyavyo wakiona hatari.

"Chui, bwana! Chui!"

Nyani hakuuliza chui yuko wapi. Akapanda genge, paru! paru! paru! na ulimi wa mtu hakuukagua. Sange akabeba fungu dogo mpaka nyumbani. Yule mtoto aliyelala ubavu akalamba moja, akafumbua macho, akasema, "Nyingine."

Juu ya genge Nyani akatafuna. Pfuu! Chachu! Asubuhi akatema zilizobaki shavuni, akazitazama kiganjani. Nyekundu! Akashuka mbio.

"Sange! Jana hizi zilikuwa nyeusi!"

"Nani alisema?"

"Mimi!"

"Na mimi nilisema neno?"

"Hukusema."

"Basi mbona waniuliza mimi?"

Nyani akakuna kichwa. "Forosadi hutoka kwenye wekundu ikaenda kwenye weusi. Hizi zimetoka kwenye weusi zikaenda kwenye wekundu. Zimerudi utotoni? Hebu toa ulimi!"

Sange akautoa. Mweusi tititi.

"Mweusi!"

"Vumilia kidogo, bwana. Huenda nao utageuka."

Nyani akauinamia ule ulimi, akaungojea ugeuke, mpaka shingo ikamuuma.

Siku ile akashika forosadi moja nyekundu, akaapa kuikamata inapogeuka. Hakupepesa macho mpaka jua likazama.

"Bado nyekundu. Bado nyekundu. Bado nye... nyeusi!"

Akaiuma. Chachu! Akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Jicho lilimwambia hivi, ulimi ukamwambia vile. Akawaza mpaka kichwa kikawa kizito.

Asubuhi akasimama chini ya mti, akatangaza:

"Nyeusi ina rangi moja tu. Mchana nyeusi, jioni nyeusi. Nyekundu ina rangi mbili! Na mimi ni mkubwa. Mkubwa hapewi kitu cha rangi moja. Kuanzia leo, nyekundu zangu, nyeusi zako!"

"Bwana, unanidhulumu!" akalia Sange.

"Kalie mbali huko!"

Akaenda kulia mbali huko, yeye na watoto wake, midomo imejaa.

Funzo la hadithi hii ni kwamba mdogo amtii mkubwa wake. Sange alitii sheria ya kwanza, akatii na ya pili, na watoto wakanenepa. Habari ya Chui isiwasumbue. Chui wapo, Sange hakusema wapo wapi.

— Sasa babu, ile forosadi rangi yake hasa ilikuwa ipi?

— Hadithi imefika mwisho. Aliyeielewa akamweleze Nyani.