Pilau ya Arobaini ya Mwanamvua

Mlisha wengi haachi jiko baridi. Mmeisikia harusini mchana huu, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na bahati nzuri mimi nilikuwapo, nikala.

Shangazi yangu Mwanamvua ndiye aliyekuwa mpishi wa shughuli zote za kijiji hiki, za furaha na za matanga. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, na jikoni mkali kweli. Kila mwanamke aliyemsaidia alipewa kazi moja, na ole wake aguse nyingine. Alipofariki tulimlilia sana, maana tulimpenda.

Siku ya arobaini yake wageni wakaanza kufika kwa hitima. Mchele na nyama vilikuwapo tele, lakini mafiga yalikuwa baridi. Binti yake, Hadia, alidhani majirani watapika. Majirani nao walidhani hakuna wa kuthubutu kushika sufuria la Mwanamvua. Hadia akaketi chini akalia kwa aibu. Mama aliyelisha kijiji kizima, leo hitima yake ipite kwa maji matupu?

Bi. Rukia wa nyumba ya pili akamwinua.

"Mwanangu, kwa mama yako nimekaanga vitunguu miaka tisa. Mchele hakuniruhusu hata kuuosha. Lakini vitunguu navijua."

Hapo kila mmoja akasema chake. Yupo aliyejua kutwanga bizari tu, na yupo aliyejua kupima maji kwa kidole. Hadia mwenyewe kazi yake ilikuwa kupalia makaa juu ya mfuniko. Moto ukawashwa, na vicheko vikaanza, kila mtu akiigiza marehemu alivyokuwa akimgombeza. Kilichobaki ni chumvi. Hiyo Mwanamvua aliitia mwenyewe siku zote, na hakuna aliyejua kiasi chake.

Mgane wake, Mzee Makame, akainuka barazani.

"Nipeni upawa. Alikuwa akinionjesha mimi."

Akaonja supu, akasema bado. Wakaongeza chumvi, akaonja tena, bado. Safari ya tatu machozi yakamtoka, na huku anatabasamu.

"Hiyo ndiyo yake."

Wageni walikula mpaka wakakomba masinia. Shehe akauliza nani kapika, maana yeye aliambiwa mpishi amekufa.

"Mwanamvua," akajibu Mzee Makame, na hakuna aliyembishia.

Shehe akatazama wale wanawake waliojaa masizi, akacheka, akasema neno tunalolisema hadi leo: mlisha wengi haachi jiko baridi.