Bega la Luhende

Paukwa!

— Pakawa!

Upinde wa babu?

— Uko ukutani!

Na mshale?

— Uko njiani!

Basi kaeni sawasawa, usije ukawakuta mmelala. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, unatupitishia baridi. Haya.

Hapo zamani, zamani hasa, nyati walipokuwa wengi kuliko mbuzi, palikuwa na kijiji cha wawindaji katikati ya misitu ya miombo. Na kijijini hapo alikuwapo mwanamume akiitwa Luhende. Jamani, Luhende! Akitoka asubuhi na podo lake la mishale mgongoni, hata mbwa walijua leo watakula. Hakuwa mrefu. Hakuwa na maneno mengi. Lakini alikuwa na upinde.

Upinde wenyewe uliitwa Usinishike. Babu yake alimwachia baba yake, baba yake akamwachia yeye. Wanaume walijaribu kuuvuta, wakaishia kutokwa jasho na kusingizia njaa. Luhende aliuvuta mpaka sikioni, akauachia, mnyama akalala. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, watu wakazoea. Wakadhani mkono wa Luhende umetengenezwa kwa chuma.

Siku moja akaamka, bega la kulia linauma. Akasema litaacha. Halikuacha. Maumivu yakateremka mpaka kwenye kiwiko, yakawa yanachoma kama pilipili kwenye kidonda. Akilalia upande huo, anashtuka. Akijifunga shuka, anakunja uso. Je, alimwambia mtu?

— Hakumwambia!

Thubutu! Mvutaji wa Usinishike aseme bega linamuuma?

Mkewe, Nkwimba, akamwita kisimani. "Baba Holo, njoo unitwishe mtungi." Luhende akautazama mtungi, ukamtazama. "Mama Holo, kuna mbuzi wetu katoroka, ngoja nimfuate." Akaenda zake haraka haraka. Nyumbani kwao hawakuwa na mbuzi hata mmoja.

Mzee Luchagula, mkuu wa wawindaji, akamwita porini. "Luhende, niangulie mzinga ule. Wewe mkono wako unafika." Luhende akarudi nyuma. "Mzee, nimeota vibaya juu ya nyuki. Leo siwasogelei."

Kisha wakaenda ukweni. Hapo sasa! Baba mkwe akachomoa paja la kanga kwenye chungu, akamnyooshea mkwewe kwa heshima zote. Luhende akataka kunyoosha mkono wa kulia, mkono ukagoma. Akapokea kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto! Kwa baba mkwe! Mzee akalitazama paja lake linavyoondoka, akautazama mkono ulioliondoa, akachukua fimbo, akatoka nje.

Njiani kurudi Nkwimba akasimama katikati ya njia.

"Baba Holo, inua mkono wa kulia."

"Wa nini?"

"Wewe inua."

"Mimi sina tatizo."

"Basi inua kama mtu asiye na tatizo."

Akainua. Ukafika kifuani, ukakwama hapo. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nkwimba hakucheka, wala hakumsema. Walipofika nyumbani akakaanga chumvi ya mawe, akaifunga kwenye kitambaa, akaanza kumkanda. Anabonyeza, mume anauma meno. Anabonyeza, mume anaita mama yake aliyekufa zamani.

"Bega hili limechoka," akasema Nkwimba. "Linataka kupumzika. Usiuguse upinde ule mpaka mtama uvunwe."

"Na Siku ya Kuvuta?"

Nkwimba akaacha kukanda. Maana kijiji kile kilikuwa na desturi yake, na desturi yenyewe ilikuwa haina huruma. Kila mwaka, kabla ya kwenda kuwinda, wawindaji walisimama uwanjani mbele ya watu wote. Kila mmoja auvute upinde wake mpaka sikioni. Atakayeshindwa, upinde wake atapewa atakayeuweza, saa hiyo hiyo. Na yeye hatembei tena na wawindaji. Atapanda ulingoni, kwenye kile kijukwaa cha miti shambani, akaamie ndege wasile mtama, pamoja na watoto na akina mama.

"Upinde wa babu yangu uende nyumba nyingine?" akasema Luhende. "Mama Holo, ule ukuta nitautazama vipi?"

Siku ikafika. Uwanja ukajaa. Luhende akasimama, akaushika Usinishike. Akavuta, upote, ule uzi wa upinde, ukafika kifuani, bega likamrudisha. Akavuta tena, ukafika kidevuni, macho yakamjaa machozi. Akavuta mara ya tatu, na upote ukamponyoka vidoleni. Paa!

"Niko sawa," akasema Luhende. "Mkono umeteleza tu."

Lakini desturi ni desturi. Akaitwa Kashindye, kijana mmoja mwenye mikono minene na mdomo mkubwa kuliko mikono. Kashindye akapanua miguu, akakaza shingo mpaka mishipa ikasimama, akavuta. Sikioni! Vigelegele vikapigwa. Kashindye akamgeukia mwenzake. "Kaka Luhende, usijali. Kapande ulingoni, ndege wanakusubiri."

Luhende akaondoka uwanjani mikono mitupu. Iliuma kuliko bega.

Basi Luhende akawa mtu wa ulingoni. Mwanzoni alikaa kule juu amevimba kwa hasira, hata ndege wakala mtama wakashiba mbele yake. Nkwimba akapanda na kitambaa chake cha chumvi. Asubuhi anamkanda, mchana anamkanda, jioni anamkanda. Na alimletea kile kiupinde cha watoto cha kuamia ndege, chepesi, cha kuvuta kifuani tu. Bega likakikubali.

Luhende akalenga kwa mbali, akakosa. Kiupinde hakina nguvu. Akalenga tena kwa mbali, akakosa. Akakasirika. Mara ya tatu akaacha kulenga, akatulia tuli, hata kope hazichezi. Ndege wakamsahau. Wakaja karibu, karibu kabisa. Akavuta kidogo. Tii! Akampata.

Akacheka peke yake kule juu. Tangu alipoushika Usinishike hakuwahi kuhitaji kumsogelea mnyama. Nani atambae tumboni wakati mshale wake unavuka bonde? Sasa akaanza kujifunza upya, mtu mzima mwenye sifa zake, kama mtoto. Mimi hapo ndipo ninapompenda Luhende, nawaambia wazi. Kwa ule upinde mkubwa nilimsifu tu.

Sasa, bondeni chini ya shamba palikuwa na tope, na kwenye tope palikuwa na nyati. Nyati dume, mpweke, pembe moja imevunjika. Alikuwa amewafukuza akina mama kisimani. Alikuwa amemvunja mtu mbavu. Luhende alimwona kutoka ulingoni kila jua lilipoanza kushuka. Akajua anapopita. Akajua anavyonusa upepo. Akajua kwamba akishatoka topeni, yale macho yameganda matope na haoni vizuri pembeni.

Wawindaji wakaja kumtafuta nyati huyo, Kashindye mbele na Usinishike mkononi.

"Msogelee kwanza," akanong'ona Mzee Luchagula.

"Nimsogelee wa nini, mzee? Upinde ninao!"

Akasimama wima ng'ambo ya bonde, watu wote wamwone. Akavuta mpaka sikioni. Mshale ukaenda kwa kishindo, ukampiga nyati kwenye pembe, ukakatika vipande viwili. Weee! Nyati akageuka. Akaja. Wawindaji wakatawanyika, kila mtu na mti wake. Kashindye naye akapanda mti uliokuwa karibu, na kwa bahati yake mbaya ulikuwa mwembamba. Upinde ukabaki chini. Nyati akaupiga mti kichwa. Ukainama. Akapiga tena. Ukalia.

Ulingoni, Luhende akasimama. Nkwimba, kando yake, alikuwa ameshachomoa kwenye podo la zamani la mumewe mshale mmoja, ncha yake imefungwa ngozi. Mshale wa sumu. Na sumu, wenzangu, haitaki nguvu. Inataka ngozi itoboke tu.

"Nenda," akamwambia. "Lakini usije ukajifanya kijana."

Luhende akashuka na kile kiupinde cha watoto. Akatambaa kwenye majani kwa kiwiko cha kushoto, mkono wa kulia ameukunja kifuani. Upepo unamjia usoni. Akasogea. Nyati akageuza kichwa. Luhende akatulia tuli. Akasogea tena. Nyati akapiga kwato. Luhende akatulia. Hapo Kashindye akamwona kutoka juu, na Luhende akamwonyesha kwa kidole mdomo: ongea!

Aa, kuongea tena? Hicho ndicho alichokuwa nacho tele!

"We nyati!" akapiga kelele Kashindye, sauti inatetemeka. "Masikio kama nyungo zilizotoboka! Pembe moja kama jembe la mvivu! Unanuka hata tope limekukataa!"

Nyati akainua kichwa kumtazama mtukanaji. Shingo ikawa wazi. Luhende alikuwa karibu hivi kwamba alisikia pumzi ya yule mnyama. Akavuta, kifuani tu, mahali ambapo bega lake linaruhusu. Tii! Akajitupa nyuma ya kichuguu.

Nyati akaruka. Akakimbia, akazunguka, akarudi. Mwendo ukapungua. Magoti yakakunjika. Akalala, wala hakuinuka.

Ikawa shangwe! Wakambeba Luhende mpaka uwanjani. "Bega la kushoto shikeni hapo, la kulia msiliguse!" Nkwimba alikuwa anakimbia pembeni akiwagombeza. Kashindye akauokota Usinishike, akauleta kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Kaka, upinde wako. Mimi mdomo ulinizidi."

"Mrudishieni!" watu wakapiga kelele. "Luhende, vuta tukuone! Vuta!"

Luhende akaushika upinde wa babu yake. Akaupapasa. Uwanja wote ulikuwa unamtazama, na baba mkwe naye yupo, amesimama na fimbo yake. Luhende akavuta pumzi.

"Sivuti," akasema. "Bega linaniuma."

Watu wakatazamana.

"Linaniuma tangu mwaka jana. Nilidanganya kuhusu mbuzi. Nilidanganya kuhusu nyuki. Baba mkwe, mkono ule wa kushoto haukuwa dharau, huu wa kulia ulikuwa haufiki kwenye paja lako. Nilikuwa naogopa. Naogopa hata sasa."

Baba mkwe akashusha fimbo. Ndipo ikasikika sauti ya Mzee Luchagula, mkuu wa wawindaji wote.

"Mimi mgongo," akasema taratibu. "Mwaka wa tano huu."

"Mimi goti," akasema mwingine.

"Mimi jicho hili. Silioni hata podo langu."

Wakafuatana, huyu kiwiko, huyu nyonga, huyu vidole. Wanaume wazima, mashujaa wa nyati! Wa mwisho akawa Kashindye. "Na mimi," akanong'ona. "Bega. Tangu siku ile ya kuuvuta huo mti wenu mnaouita upinde. Hata kula nakulia kushoto."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Luhende akacheka kuliko wote, ameshika bega. Nkwimba peke yake hakucheka. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, akashika kiuno.

"Basi leteni chumvi," akasema. "Ya kwangu haitatosha."

Tangu siku hiyo Usinishike unaning'inia ukutani kwa Luhende, na hakuna anayeulizwa ameuvuta hadi wapi. Siku ya Kuvuta ikifika, wawindaji husimama uwanjani na wake zao, na kila mmoja husema kwanza panapomuuma. Ndipo wanapangana nani atambae, nani atukane.

Nimevuta mpaka hapa, na mimi upote nauachia. Upinde wa babu?

— Uko ukutani!

Na bega?

— Linauma!

Mmesema wenyewe. Haya, mlete chumvi.